Kipenga Chenye Sauti Mbili

Kama ulikuwa Kariakoo mwaka themanini na tatu na huna kitambulisho cha kazi, basi Fundi Uwesu amewahi kukukimbiza, ingawa mwenyewe hakunyanyuka kwenye kigoda chake. Vipenga vya mgambo wa kata yetu alivitengeneza yeye. Alikaa barazani, mguu mmoja ameukunja na mwingine umekanyaga bati, anakata makopo ya maziwa na madebe ya mafuta ya kula. Katika takataka hizo alitoa koroboi, vipimo vya mchele, na vipenga. Mimi nilikuwa na cherehani yangu upande wa pili wa mlango. Miaka kumi na moja tuligawana baraza ile ya Mtaa wa Mchikichi, na sikumbuki siku tuliyoimaliza bila kutukanana.

Tulikuwa na haki hiyo. Mimi Mngoni wa Peramiho, yeye Mngindo wa Liwale, ni watani.

"Mama Mektilda," alikuwa akiniambia, "babu zako walikuja kwetu kuiba mbuzi."

"Tulikuta mbuzi mmoja tu, mtani, tena amekonda. Tukamwachia babu yako."

Hapo atacheka mpaka misumari imdondoke mdomoni. Alikuwa mtu mfupi, mweusi ti, kofia yake ya kitani imejaa alama za lehemu, na mwenye majivuno ya kazi kupita mtu yeyote niliyemjua. Koroboi ya Uwesu haivuji, atakwambia hivyo hata kama hukumuuliza. Mkewe alifariki binti yao Sabaha akiwa na miaka minne, na huyo Sabaha alimlea peke yake, akimsuka nywele kwa mikono ile ile ya kukunja mabati. Nywele zilikuwa zinatoka upande upande. Wanawake wa nyumba wakajitolea kumsaidia, akakataa, akasema atajifunza. Kweli alijifunza.

Sabaha alipokua akaolewa na Nassibu, kijana wa Mikindani, mzamiaji. Wakapanga chumba cha uani, nyumba hiyo hiyo, maana mzee hakutaka mtoto aende mbali. Nassibu alizamia kamba koche na makombe ya kuuza kwenye mahoteli, na meli ikinasa kamba kwenye feni ya chini inayoisukuma, bandarini aliitwa aikate. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume, akampata huyo ukubwani. Jioni walikaa wawili wanabishana mpira, na kijana alikuwa na adabu ya kushindwa.

Vyombo vyake vya kuzamia Nassibu alivinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao: mitungi miwili ya hewa, miwani, suti ya mpira yenye viraka magotini, mapezi ya miguuni, na fulana ya kujaza hewa, ile ya kumshikilia mtu juu ya maji akichoka. Zilikuwepo pia fataki za kurusha juu mtu akipotea, lakini muda wake ulikwisha na Mzungu akazitupa. Kumbe chombo cha maana kuliko vyote ni hiyo fulana, na ndiyo iliyokuwa mbovu. Mzee aliipiga viraka vya mpira wa baiskeli. Ikavuja. Akapiga vingine, ikavuja pengine. Na kununua mpya, uinunue wapi? Miaka ile hata wembe ulikuwa unaupata kwa kujuana na mtu wa duka la kaya, lile la mgawo. Nassibu akaiacha fulana nyumbani, akawa anazama na dumu jeupe la lita tano amelifunga kamba, linamfuata juu ya maji ili mwenye boti, Eliasi, ajue mwenzake yuko wapi.

Sabaha hakuridhika na dumu. Kwenye ile fulana mbovu kulikuwa na kipenga kidogo cha plastiki, kimepasuka. Akakikata, akampelekea baba yake.

"Baba, mji mzima unasikia vipenga vyako. Mume wangu tu ndiye hana."

Mzee alikigeuza kile kipenga cha Mzungu kama mtu aliyepewa embe bovu. Akasema hicho ni kitu cha kuitia kuku. Akachukua bati zuri la kopo la maziwa, akakaa siku mbili.

Hapa ni lazima nieleze, maana ndipo lilipoingia kosa, na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nikaliona likiingia, nikalisifia. Mwaka ule ulikuwa wa operesheni. Mgambo walipita mitaani kusaka wazururaji wapelekwe vijijini wakalime, na wakati huo huo wahujumu uchumi walikuwa wanasakwa majumbani, watu wakatupa sukari na sabuni jalalani kwa hofu. Katibu wa kata alitaka vipenga vya mgambo visifanane na vya refa wala vya polisi, ili mtu akisikia ajue ni nani anayekuja. Uwesu akaunganisha vipenga viwili kwa lehemu, kirefu na kifupi, kila kimoja na kokwa ya ubuyu ndani. Sauti nyembamba na sauti nzito, zikitoka pamoja meno yanaingia ganzi. Hakuna fundi mwingine aliyeweza kuiga. Basi alipotaka kumtengenezea mkwewe kitu cha kumwokoa, alimtengenezea hicho hicho, kazi bora aliyokuwa nayo mikononi.

Wakaenda Mnazi Mmoja kukijaribu. Nassibu asimame mwisho wa uwanja upande wa mjini, mzee apulize upande wa Kariakoo, waone kama kinafika. Mzee akapuliza. Wauza karanga walijitwika nyungo, wauza mitumba walifunga shuka zao, vijana waliokuwa wamelala kivulini waliruka ukuta, na katika muda mfupi uwanja ulibaki na mzee Uwesu huku na Nassibu kule.

Alirudi akicheka, machozi yanamtoka. "Mama Mektilda! Kinafika! Wamekisikia wote mpaka wa mwisho!"

Nilicheka naye. Nilimwambia Wangindo hatimaye wamejua kupigana. Nikajisikia hodari wa mzaha.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa, kusi bado lina nguvu, Nassibu alizama jirani na kisiwa cha Sinda saa tatu asubuhi, kipenga shingoni. Eliasi anasema aliliona dumu, akainama kufunga kamba ya nanga, alipoinua macho halikuwepo. Mkondo ulikuwa mkali. Akavuta mashine ya boti, ikakataa, akaivuta mpaka viganja vikachubuka, na ilipowaka tayari saa nzima imepita. Alizunguka mpaka petroli ikabaki ya kumrudishia tu. Wavuvi wa Feri wakatoka kumsaidia, wakatafuta Sinda yote na kusini yake mpaka giza likawafukuza.

Jumatano asubuhi majirani walianza kuingia na majamvi. Mzee akatoka, akasimama mlangoni.

"Hapa hakuna msiba," alisema. "Rudisheni majamvi yenu. Anayetaka kumpikia Sabaha uji ampikie, anayetaka kulia akalilie kwake."

Wengine walinung'unika kwamba mzee kachanganyikiwa. Niliwaambia waondoke na minong'ono yao pia. Sabaha alikaa ukumbini, mgongo ukutani, hatazami mtu. Ndipo mzee akafanya jambo lililonikera sana wakati ule: akaketi kwenye kigoda chake, akaanza kugonga bati. Katibu wa kata alikuwa ameagiza vipenga ishirini vingine. Nilitaka kumwambia aone haya. Nikaona kila pigo la tatu linakosa bati, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Saa nne akaja Wilbert. Huyu alikuwa rafiki wa baraza yetu, mtu wa Mbinga, mrefu, mcheshi, na mfanyabiashara wa vitu ambavyo mwaka ule ilikuwa heri usiviulize vimetoka wapi. Hakulala mjini siku mbili, hakujua lolote lililotupata. Akaketi kwenye ngazi, akaangalia huku na huku, akaanza kucheka chini chini.

"Shikamoo, Fundi. Wewe mzee utaniua. Vipenga vyako sasa vimeingia mpaka baharini!"

Mzee hakuinua kichwa. "Marahaba. Vimeingiaje?"

"Wameweka mgambo wa majini, nakwambia. Leo alfajiri tunatoka Unguja, na mzigo wetu mdogo wa kandambili, hatuna ubaya na mtu. Bado hakujapambazuka vizuri. Mara nasikia kipenga! Kile chako, cha sauti mbili, nakijua, kimenitoa jasho Mtaa wa Kongo mara ngapi. Na mbele yetu kulikuwa na boti nyingine, nayo ikageuza. Tukamwaga magunia yote majini, tukawasha mashine, tukakimbia. Mwaka mzima wa jasho langu unaelea huko."

Nyundo ilinyamaza. Sijui nieleze vipi uso wa yule mzee. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nikashika gurudumu la cherehani.

"Ni wapi?" mzee aliuliza.

"Wapi nini?"

"Ulipokisikia. Ni wapi, Wilbert?"

"Aah, mashariki ya kisiwa cha Mbudya huko, mbali kidogo..." Akatutazama mmoja mmoja, akaona hatucheki. "Kuna nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno machache, kwa sababu Sabaha alikuwa anasikia ukumbini, na alikuwa ameshasimama. Nassibu amepotea tangu jana. Kipenga anacho yeye. Mashine ya Eliasi iligoma mpaka viganja vikamchubuka. Wote wanamtafuta Sinda, na yeye mkondo umeshamvusha kaskazini, na leo alfajiri alikuwa hai, anapuliza.

Wilbert hakuwa mtu mbaya. Lakini hofu ya mwaka ule ilikuwa imetukaa mwilini. Mtu alifungwa kwa katoni ya sabuni. Kusema alikuwa mashariki ya Mbudya alfajiri ni kujipeleka mwenyewe, na kuitoa boti yake mchana kweupe, mahali ilipofichwa, ni kumwonyesha kila mtu njia ya mikoko ambayo hata leo sitaitaja. Akasimama.

"Nilikuwa nawatania," alisema. "Sikwenda popote mimi. Nilikuwa kwa dada yangu Ilala."

Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo padre wa Peramiho hakunibatizia. Angeweza kuondoka, tena alikuwa ameshashuka ngazi moja, na mimi na ulimi wangu tungemsindikiza mpaka kona asigeuke. Lakini Fundi Uwesu alivua kofia, akashuka barazani, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya yule kijana, mdogo kwake kwa miaka thelathini. Akamshika miguu.

"Sitakutaja," alisema. "Wakikukamata nitasema boti ni yangu na mzigo ni wangu. Nipeleke tu pale ulipokisikia."

Watu mtaani walisimama. Wilbert aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Inuka, mzee! Inuka bwana, usinitie laana! Wewe ni sawa na baba yangu!"

"Siinuki."

Wilbert alishika kichwa kwa mikono miwili. Akatukana, sijui alimtukana nani. Halafu akasema, "Mwambie Eliasi aje na mikono yake mibovu. Petroli ninayo."

Sikwenda baharini. Haya ya huko nimeyapata kwa Wilbert, ambaye huongeza chumvi, na kwa Eliasi, ambaye huipunguza mno. Waliondoka ufukweni saa sita mchana. Walipofika pale Wilbert aliposikia kipenga hapakuwa na kitu, mawimbi tu na jua. Wakazima mashine wasikilize. Kimya. Mzee alisimama omoni, mbele kabisa ya boti, amejishikilia kwa Eliasi, maana hakuwahi kupanda boti ndogo maisha yake, anatapika na kusikiliza, anatapika na kusikiliza. Walizima na kuwasha mara tano. Mzee akaanza kujisemea kwamba kokwa zimelowa, zimevimba, kipenga kimekufa, alipaswa kutia vipande vya kizibo cha chupa, vile visivyolowa. Wilbert anasema hapo ndipo alipotaka kulia yeye.

Eliasi ndiye aliyeiona kandambili. Moja ya kijani, ya mguu wa kushoto, inaelea taratibu. Mbele yake nyingine. Wilbert akaanza kusonya kwa uchungu wa mali, kisha akanyamaza, kwa sababu wote watatu walielewa kwa pamoja: magunia yalimwagwa pale pale alipokuwa Nassibu, na maji yaliyobeba kandambili ndiyo yaliyombeba mtu. Hawakutafuta tena bahari nzima. Walizifuata kandambili, nyekundu, za bluu, za njano, zimejipanga juu ya mkondo kwa mwendo wa karibu saa mbili, zinazidi kuwa nyingi.

Alasiri wakaona mikono miwili myekundu inapanda na kushuka juu ya maji.

Alikuwa amevaa kandambili mikononi. Nyingine alizishindilia kifuani na mgongoni ndani ya suti ya mpira mpaka akavimba, ndizo zilizomfanya aelee, maana usiku ulikuwa umeshamchosha na dumu peke yake halikumtosha. Yaani fulana ambayo mzee alishindwa kuiziba, kijana alijishonea mwenyewe, kwa bidhaa ya magendo. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yamefunga kwa chumvi. Shingoni hakuwa na kipenga. Walipomvuta ndani mzee alivua shati, akamvika, akamkumbatia hivyo hivyo mpaka ufukweni, na kutapika akakusahau.

Sabaha alipomwona akishushwa kwenye gari hakupiga kelele. Alimpapasa uso, mabega, mikono, kila kidole, kisha akakaa chini pale pale barabarani. Mimi ndiye niliyepiga kelele, vigelegele mpaka Msimbazi, na sioni haya.

Siku ya nne Nassibu aliweza kukaa na kula uji bila kulia. Tulijaa chumbani: Sabaha, mimi, mzee kwenye kigoda karibu na kitanda. Kijana akasimulia kidogo kidogo. Jumanne mchana aliona mashua mbili, akapuliza, zikageuza tanga. Alfajiri zikaja boti mbili za mashine karibu kiasi cha kusikia watu wakiongea. Akapuliza kwa nguvu zake zote. Moja ikageuka, ya pili ikamwaga mzigo, ikageuka.

"Hapo ndipo nikakivua," alisema. "Nikakiacha kizame. Nikaona bora nibaki na mikono tu."

Mzee Uwesu alipandisha hasira yote ya siku nne. Aliwalaani watu wa mashua, aliwalaani wa ile boti ya mbele, akasema si binadamu, mtu anaita majini wao wanampa mgongo, Mungu atawauliza. Povu lilimtoka. Nassibu alimwacha amalize, kwa adabu yake ile ya siku zote.

"Usiwalaani, baba," alisema. "Ningekuwa mimi ndani ya ile boti, hata mimi ningekimbia."

Mzee alitazama mikono yake. Halafu yule mtu ambaye kwa miaka kumi na moja sikumsikia akikiri hata koroboi moja yenye kasoro, akainamisha kichwa mbele ya mkwewe.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Kipenga kile ni kibaya."

Nassibu alishtuka. Alijiinua kwa kiwiko, Sabaha akamshika mgongo. Alidhani mzee anaisikitikia kazi yake, akataka kumfariji.

"Hapana, baba! Hakikuwa na kasoro hata kidogo," alisema. "Kililia vizuri sana. Walikisikia wote."

Mzee akajifunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanamtikisika. Tulikaa naye pale mpaka uji ukapoa.